Moshi wa Chuma na Mapafu ya Fundi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, muuguzi, kwenye hafla ya kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, West Midlands)



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie afya. Najua alitegemea presha na sukari, kwa sababu kila muuguzi akisimama mahali hapa huzungumzia presha na sukari. Hayo bado yapo, na sahani za leo nimeziona. Lakini kwa ruhusa yenu, leo nitazungumzia vyuma.

Watoto, hebu tazameni nembo ya Taifa pale ukutani. Mnamwona bwana na bibi wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, wameshika ngao. Ndani ya ngao upo mkuki umesimama wima, na shoka na jembe vimepishana. Waliochora nembo hii wangeweza kuchagua vitu vingine vingi. Walichagua vitu ambavyo haviwi vitu mpaka mtu fulani akipashe chuma moto, akipige, akipe umbo. Mtu huyo kwa Kiswahili anaitwa mhunzi. Siku hizi tunamwita fundi chuma, au fundi wa kuchomelea.

Ninazungumzia kazi ya kutengeneza bidhaa za chuma. Sizungumzii kuyeyusha mawe yenye madini, hiyo ni kazi nyingine. Hapa fundi anapokea bati, paipu, nondo au flati bari ambayo imekwisha kutengenezwa kwingine, kisha anaikata, anaikunja, anaitoboa na kuiunganisha. Inatoka geti, grili ya dirisha, tangi la maji, jiko, sufuria, trela la lori, na lile sanduku la bati tulilobeba kwenda shule ya bweni. Kitanda ninachomlaza mgonjwa wodini ni kazi hiyo hiyo. Troli ya dawa pia, na stendi ya dripu. Fundi chuma akigoma, na mimi kazi yangu inasimama.

Kwetu kazi hii haikuletwa na meli. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuri ya kale ya Buhaya, upande wa Kagera. Walieleza kwamba zaidi ya miaka 1500 iliyopita watu wa pale walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa, hewa ikipashwa moto kabla ya kuingia kwenye tanuri. Wafipa nao walikuwa na matanuri yao marefu ya udongo. Wanangu mnaosoma hapa, mwalimu akiwafundisha Mapinduzi ya Viwanda, nyoosheni mkono mmwambie na hilo.

Baadaye ukaja wakati ambapo jembe lilitoka ng'ambo. Wazee hapa wanalikumbuka jembe lenye chapa ya mamba. Bibi yangu alilipenda kuliko jembe lolote, alisema halipindi. Majembe yale yalitoka kiwanda cha Chillington, na Chillington kilikuwa Wolverhampton, safari fupi ya treni kutoka ukumbi huu. Yaani chuma kilifuliwa hapa, kikavuka bahari, kikaishia shambani kwa bibi. Na leo wajukuu wa waliolima kwa jembe lile ndio wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye karakana za Wolverhampton, Dudley, Walsall na Tipton. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulitaka kujitengenezea wenyewe. Tukapata kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, kile cha UFI, kwa msaada wa Wachina. Mwaka 1973 ikaundwa SIDO kusaidia viwanda vidogo. Historia ya viwanda vyetu ina maumivu yake, na wapo wazee humu wanaoijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaingia huko.

Nataka kuwapeleka Cradley Heath. Ni hapa hapa, karibu na Dudley. Zaidi ya miaka mia iliyopita eneo lile lilikuwa maarufu kwa minyororo. Minyororo mikubwa ya meli ilitengenezwa na wanaume viwandani. Ile midogo ilitengenezwa na wanawake kwenye vibanda nyuma ya nyumba zao, nyundo mkononi, moto mbele, mtoto mchanga amelazwa pembeni. Hakuna mkataba wala barakoa, na malipo yalikuwa ya kudhalilisha. Mtu aliyewahi kupita Gerezani pale Dar es Salaam, akawaona mafundi wamekaa chini wanagonga mabati kutengeneza majiko, hana haja ya kuonyeshwa picha ya Cradley Heath ya wakati ule.

Mwaka 1910 wanawake wale waligoma, wakiongozwa na Mary Macarthur. Waajiri walikuwa wanakwepa kuwalipa kima cha chini kilichokwisha kupangwa kisheria. Waligoma kwa wiki kumi wakashinda, na fedha za mchango zilizobaki zikajenga jumba la wafanyakazi. Jumba lile lilihamishwa na sasa lipo kwenye makumbusho ya Black Country, Dudley. Wapelekeni watoto wakati wa likizo. Ninalitaja kwa sababu baadhi yetu tunadhani usalama kazini ni tabia ya Wazungu, kama vile walizaliwa nao. Si kweli. Hata wao walikuwa na Gerezani yao, na watu waliidai haki hii kwa jasho na njaa.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mimi nipo wodi ya magonjwa ya kifua. Nilipokuwa nasomea shahada yangu ya uuguzi katika nchi hii, tulifundishwa kumuuliza mgonjwa kama anavuta sigara. Kumuuliza anafanya kazi gani kulitajwa pia, lakini kwa haraka. Basi kila wakati namwona mwanamume wa miaka arobaini au hamsini amelazwa na nimonia kali, hajawahi kuvuta sigara hata moja, na nikimuuliza kazi yake ananiambia, "Mimi ni welda." Baadhi yao tunasalimiana kwa Kiswahili.

Mwali wa kuchomelea una joto la kugeuza chuma kuwa mvuke. Mvuke ukipoa hewani unakuwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi la kawaida, na ndizo mnazoziona kama moshi. Pua haiwezi kuzichuja. Zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo vimethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Februari 2019 idara ya afya na usalama kazini ya hapa, HSE, ikawatangazia waajiri kwamba hata chuma cha kawaida kikichomelewa ndani ya jengo lazima kuwe na mashine ya kuvuta moshi pale pale unapotokea, na pale ambapo mashine haitoshi, kipumulio. Kabla ya hapo wengi waliamini kufungua mlango kunatosha. Akikuambia fungua mlango leo, huyo amebaki nyuma ya 2019.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho sasa ndicho fasheni ya mageti na ngazi, kina kromiamu na nikeli. Moshi wake ni mbaya zaidi, na unaweza pia kuleta pumu ambayo haikuwepo. Ukiona unakohoa na kubanwa kifua siku za kazi, halafu ukipumzika au ukienda likizo unapata nafuu, hiyo ni dalili. Usiifiche.

Bati na paipu zilizopakwa zinki zina jambo lake. Fundi anachomelea mchana akiwa mzima, jioni anaanza kutetemeka, homa, kiu, kichwa, ladha ya chuma mdomoni. Anadhani ni malaria au mafua. Kesho au keshokutwa amepona, anarudi kazini. Mara nyingi humpata Jumatatu, kwa sababu mwili uliozoea moshi wiki nzima unapoteza ule uzoefu siku za mapumziko. Hii ni homa ya moshi wa chuma. Dawa ya mafundi, Dar es Salaam na hapa pia, ni maziwa. Nimeulizwa kuhusu maziwa mara nyingi sana, basi nijibu mara moja hadharani: maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu, hawakutani. Kunyweni, yana faida kwa mifupa. Lakini fundi anayekunywa maziwa badala ya kuvaa kipumulio amejinunulia moyo mkuu tu.

Na barakoa zile za bluu za hospitali, ambazo kila nyumba imebaki na boksi tangu Korona, hazizuii moshi huu. Wala kitambaa. Kipumulio kinachofaa lazima kiwe cha daraja linalotakiwa, kwa kawaida FFP3 au chenye vichujio vya P3, na lazima kipimwe kwamba kinakukaa usoni bila hewa kupenya pembeni. Hapa nina neno kwa kaka zangu wenye ndevu, najua wengine ni kwa ajili ya dini. Kipumulio cha kubana usoni hakifungi juu ya ndevu. Zipo kofia zenye feni ndogo inayosukuma hewa safi ndani, hizo hazihitaji kunyoa. Zina bei, lakini bei hiyo si yako. Sheria ya hapa ya mwaka 1974 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi fedha za vifaa vya kujikinga vinavyotakiwa kisheria. Na tangu tarehe 6 Aprili 2022 wajibu wa kutoa vifaa hivyo umepanuliwa ukawafikia hata wale wa vibarua, ambao si waajiriwa kamili. Kijana mmoja wa kwetu aliambiwa na msimamizi wa karakana moja kwamba watu wa wakala wanajinunulia wenyewe. Alinunua. Alikuwa anakatwa riziki yake bila sababu yoyote.

Jambo ambalo wengi hamjalisikia ni chanjo. Wachomeleaji wanaugua nimonia kuliko watu wengine, na wakiugua wanaugua vibaya, mpaka kufa. Kwa hiyo wizara ya afya ya Uingereza inashauri anayevuta moshi wa vyuma mara kwa mara apewe chanjo ya nimokoka. Ni sindano moja. HSE imewaandikia waajiri maelezo yao kuhusu kuitoa. Waulizeni kazini. Ukienda kwa daktari wako, usiseme tu "nakohoa". Sema, "Nachomelea vyuma kwa miaka kumi na miwili, na nakohoa." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo utakavyofanyiwa. Akina dada, nyinyi ndio mnaowapigia simu madaktari kwa niaba yao, semeni nyinyi. Na habari njema ni kwamba hatari hii ya nimonia inapungua mtu akiacha kuvuta moshi. Haijachelewa.

Masikio na vidole nitapita haraka. Ikiwa inabidi upaze sauti ili mwenzako aliye hatua mbili kutoka kwako akusikie, kelele hiyo inaua masikio, na sikio lililokufa halirudi. Vidole vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi, kwa mtu anayeshika grenda kutwa, si hali ya hewa ya Uingereza. Ni mtetemo. Mwambie mwajiri mapema. Serikali ina posho kwa walioumizwa na kazi za namna hii, na haikulazimu kuthibitisha kosa la mtu. Lakini ni kwa walioajiriwa, si kwa waliojiajiri, kwa hiyo anayeambiwa "jiandikishe umejiajiri" ajue anachoacha.

Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu hii inatuhusu wote, hata sisi ambao hatujawahi kushika nondo. Ni nani humu ndani hajengi nyumbani? Kibaha, Chanika, Arusha, Tanga, Mwanza, kila mtu ana kiwanja chake au cha mama yake. Tunajenga kwa simu. Shemeji anatuma picha: geti limekwisha, grili zimekwisha, tunajibu "kazi nzuri sana, mwambie fundi hongera". Naomba usiku wa leo mzifungue tena picha zile, na safari hii msiangalie geti. Angalieni aliye nyuma yake. Mtamwona kijana wa miaka ishirini amevaa kandambili na miwani ya jua ya barabarani. Waya wa mashine hauna ganda. Mashine yenyewe mara nyingi imesukwa pale pale mtaani. Pembeni kuna mtoto anaangalia cheche.

Miwani ya jua haizuii mwanga ule. Kioo cha kuchomelea kwa vijiti huwa namba 10 au 11, giza kiasi kwamba ukivaa bila mwali huoni kitu. Asiyekuwa nacho, usiku macho yanawaka kama yametiwa mchanga, anaweka vipande vya kiazi kibichi, asubuhi anarudi. Hupona baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana hawaogopi. Mtoto anayetazama naye hupata. Yule anayekata mapipa ya kutengenezea majiko yupo kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu pipa lililokuwa na petroli au rangi linabaki na mvuke hata likiwa tupu, na likiguswa na moto linalipuka.

Tanzania tunayo sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, ya mwaka 2003, na OSHA ya kuisimamia. Tunao mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Lakini kijana wa kando ya barabara hana mwajiri wa kumshtaki. Mwajiri wake ni nani? Ni mteja. Ni mimi na wewe tunaotuma ujumbe, "Mwambie apunguze, hiyo bei ya watu wa ng'ambo." Wapo mafundi wanaotupandishia, nakubali, na mimi nimepandishiwa. Hata hivyo fundi hununua kile mteja anachokilipia. Tukilipia rangi nzuri, anapata rangi nzuri. Hakuna anayelipia kioo namba 11, basi hakuna kioo.

Ninachoomba ni hiki. Ukiagiza geti, weka kwenye makubaliano kofia ya kuchomelea, glovu na kipumulio, ulipie wewe, na umwambie shemeji atume picha fundi akiwa amevivaa. Zikiisha kazi, abaki navyo. Mwambie achomelee mahali pa wazi, asimame upepo ukimpiga ubavuni ili moshi usimpitie usoni, asiinamie moto. Paipu yenye zinki aikwangue kwanza pale anapounganisha, amevaa kipumulio. Mapipa yenye historia asiyajuayo ayaache. Watoto wasogezwe. Haya hayana gharama kubwa, mengine hayana gharama kabisa.

Mwenyekiti amekubali meza iwekwe pale karibu na mlango. Nina karatasi za chanjo kwa Kiswahili na Kiingereza, na yeyote anayetaka barua ya kumpelekea mwajiri kuhusu kipumulio, tutaiandika pamoja, jina lake halitasomwa na mtu mwingine. Waliobadilishiwa kofia za kuchomelea kazini, zile zinazojitia giza zenyewe, kama za zamani bado zinafanya kazi na mwajiri hazitaki, zileteni. Nimekwisha pata nne, na kuna chuo cha ufundi nyumbani kinachozisubiri. Anayepakia kontena mwezi wa pili naomba aniambie amebakiwa na nafasi kiasi gani.